Majibu yangu ya maabara yamefika kwa wifi kabla mimi sijafika nyumbani. Yamepitia wapi?

#1 Binti wa Ziwa (Jumapili, 21:14)
Wakuu, habari za jioni. Naomba msome mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Jumanne iliyopita nilikwenda kupima afya kwenye hospitali moja hapa mjini, jina nabaki nalo. Tunajiandaa na ndoa, mwenzangu alishapima kazini kwao, ikabaki zamu yangu. Nilifika saa nne kasoro. Saa nne na nusu nikatolewa damu. Saa saba na robo daktari akaniita, akafunga mlango, akanieleza taratibu kwamba nina homa ya ini B. Akanipangia tarehe ya kurudi kwa vipimo zaidi. Karatasi hakunipa, alisema kila kitu kipo kwenye mfumo.

Nikatoka saa nane. Sikwenda nyumbani, nilikaa ufukweni naangalia mitumbwi mpaka jua likapoa. Saa kumi na mbili kasoro ndiyo nashuka daladala, hata funguo sijatoa kwenye pochi, simu inaita. Wifi. "Pole mdogo wangu, nimesikia ini linakusumbua. Sasa vyombo mtakuwa mnatenganisha?"

Mchumba nilikuwa sijamwambia. Mama sijamwambia. Huyu kaambiwa na nani? Mfumo wa kompyuta unaweza kupeleka habari kwa mtu asiyehusika, au ni mdomo wa binadamu? Enzi za faili za karatasi sikuwahi kusikia mambo haya.

#2 Pwaguzi (Jumapili, 21:20)
Nimekaa pale na karanga zangu nasubiri wajuzi.

#3 Chai Rangi (Jumapili, 21:31)
Pole sana dada. Kwa nini usimuulize wifi mwenyewe?

#4 Binti wa Ziwa (Jumapili, 21:33)
@Chai Rangi nimemuuliza. Amecheka, akasema "mjini hapa nina watu wangu".

#5 FundiSeva (Jumapili, 21:58)
Nimefanya kazi ya kompyuta kwenye hospitali mbili, ya serikali na ya binafsi, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Watu wanadhani taarifa zinaibwa na mdukuzi aliyejifunika kofia usiku wa manane. Ngoja nikueleze mapokezi yalivyo. Kompyuta moja, watu sita wa zamu tatu, akaunti moja. Jina la kuingilia "mapokezi", paswedi imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kipande cha plasta ya kidonda, kimebandikwa chini ya skrini. Nilikibandua mara tatu. Mara ya nne waliiandika kwenye meza.

Na siwalaumu sana. Mtandao ukiwa mzito, kutoka na kuingia upya kunachukua dakika tatu au nne, na foleni imefika getini. Mtu akihama kituo akaunti yake haifungwi, anayekuja mpya anarithi ya aliyeondoka. Wanafunzi wa mazoezi wakija, wanapewa ile ile. Mwisho wa siku ukiuliza nani alifungua faili la fulani, mfumo unakujibu: "mapokezi". Basi.

Kwa hiyo jibu langu ni akaunti ya pamoja. Kuna mtu pale anamjua wifi.

#6 Msambaa Halisi (Jumapili, 22:10)
FundiSeva umenena. Ila hili halipo Afrika peke yake. Ureno mwaka 2018 hospitali ya Barreiro ilipigwa faini ya euro 400,000. Wakaguzi walikuta akaunti 985 zenye ruhusa za daktari, halafu madaktari wenyewe walikuwa 296. Wengine wote hao sijui walikuwa wanatibu nini.

#7 Nesi Mstaafu (Jumapili, 22:27)
Mwanangu @Binti wa Ziwa, pole. Nimekaa wodini miaka 31, nimestaafu juzi tu.

Kwanza hilo la vyombo: mwambie wifi yako homa ya ini B haipiti kwenye sahani wala kijiko. Inapita kwenye damu, ngono, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Mchumba apime upya, kama hana aanze chanjo, dozi tatu, muoane kwa amani.

Pili, umesema enzi za faili mambo haya hayakuwepo. Yalikuwepo! Daftari la MTUHA, yaani la kumbukumbu za huduma za afya, la wagonjwa wa nje lilikuwa linalala wazi juu ya meza, jina, umri, kijiji, ugonjwa, vyote mstari mmoja. Mgonjwa anayefuata ameinama anaeleza dalili zake huku jicho linasoma mstari wa juu. Mimi nilikuwa nafunika kwa khanga. Wangapi walifunika?

#8 Mchuuzi 88 (Jumapili, 22:41)
Shikamoo mama. Naunga mkono hoja ya karatasi. Mwaka juzi nilinunua karanga stendi, nimemaliza kutafuna nasoma kikaratasi, naona ni fomu ya maabara. Jina la mtu kamili, choo kikubwa, minyoo ya aina fulani imeandikwa. Nilimjua! Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Mpaka leo nikimpelekea suruali nashindwa kumtazama.

@Pwaguzi hebu angalia karatasi ya karanga zako.

#9 Pwaguzi (Jumapili, 22:43)
Ni hesabu za darasa la tano. Kapata 3 kati ya 10. Siri yake iko salama kwangu.

#10 Wakili wa Mtaani (Jumatatu, 06:52)
Asubuhi njema. Tuache karanga. Tangu 2023 tuna Sheria ya Taarifa Binafsi, na hospitali iliyotoa siri ya mgonjwa inaweza kuburutwa. Dada andika barua.

#11 Kibarua Mkongwe (Jumatatu, 07:15)
@Wakili wa Mtaani rekebisho dogo mkuu. Ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022. Ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Tofauti ya mwaka ina maana ukifika mbele ya hakimu.

#12 Wakili wa Mtaani (Jumatatu, 07:40)
Nakubali rekebisho, niliandika niko kwenye mwendokasi nimening'inia.

Niongeze nyama. Chini ya sheria hiyo taarifa za afya ni taarifa nyeti, kwa hiyo masharti yake ni makali kuliko namba ya simu tu. Mtu binafsi akitoa taarifa kinyume cha sheria, faini inaanzia shilingi 100,000 mpaka milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni au taasisi, milioni 1 mpaka bilioni 5. Na mwenye taarifa ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje na zimepelekwa kwa nani. Hapo ndipo penye ufunguo wako dada: usianze na kesi, anza na kuuliza kwa maandishi. Waombe wakuambie faili lako lilifunguliwa na nani, tarehe gani, saa ngapi.

#13 Chai Rangi (Jumatatu, 07:44)
Wakimwambia "mapokezi"?

#14 Wakili wa Mtaani (Jumatatu, 07:46)
Hilo nalo ni jibu. Lina uzito wake.

#15 Dirisha la Dawa (Jumatatu, 09:05)
Mimi nakaa famasi. Wote mnaangalia kompyuta, hamuangalii dirisha.

Jina la mgonjwa linaitwa kwa sauti, maana spika imekufa tangu mvua za vuli. Kisha dawa inatajwa kwa sauti, maana kioo kina tundu dogo na mzee hasikii. Benchi lina watu kumi na wanne. Hapo mdukuzi wa nini?

Mfano hai. Dawa ya tenofovir inatumika kwa homa ya ini B, na pia imo kwenye dawa za VVU. Kaka mmoja wa homa ya ini alitoka kwangu na kopo lake, jirani akaliona, kufika jioni mtaa mzima "anatumia ARV". Tangu hapo akija anamimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni, kopo ananiachia. Wengine wanatia pamba ndani ili lisilie kwenye mkoba wakitembea. Nina makopo matupu hapa chini ya kaunta, nyumbani kwa mtu hayaruhusiwi.

Dada ulipewa dawa siku hiyo?

#16 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 09:20)
@Dirisha la Dawa hapana, dirishani sikufika kabisa. Nilipita mapokezi, kwa mhasibu, maabara, kwa daktari, basi.

#17 Mangi Mdogo (Jumatatu, 09:48)
Ulilipa taslimu au bima?

#18 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 09:51)
Bima ya kazini. Ya binafsi.

#19 Mangi Mdogo (Jumatatu, 10:17)
Sasa tunaongea. Nimefanya madai ya bima miaka minne. Fomu ya dai inabeba jina lako, namba ya uanachama, mwajiri wako na msimbo wa ugonjwa. Homa sugu ya ini B ni B18.1, mtu wa madai anaisoma kama wewe unavyosoma namba ya nyumba yako. Fomu hiyo inaguswa na mhasibu wa hospitali, mtu wa bima, mkaguzi wa bima, na nimeshaona waajiri wanaoomba orodha ya matumizi "ili wajue kwa nini gharama zimepanda". Orodha inakuja kwenye jedwali la kompyuta, majina yamo, inatumwa kwa barua pepe ya kawaida tu, haina hata kufuli.

Nani yuko ofisi ya rasilimali watu kwenu?

#20 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 10:30)
Mh. Kuna dada mmoja pale alisoma na wifi.

#21 Pwaguzi (Jumatatu, 10:31)
Karanga zimeisha, naomba mtu aniletee mihogo.

#22 FundiSeva (Jumatatu, 10:49)
@Mangi Mdogo nakubaliana na njia ila sikubaliani na muda. Majibu yametoka saa saba mchana, wifi kapiga kabla ya saa kumi na mbili jioni. Dai la bima ndani ya saa tano lifike mpaka ofisi ya mwajiri? Bima gani hiyo ina mbio namna hii? Wakati wa kulipa wanachukua siku 60.

#23 Mangi Mdogo (Jumatatu, 11:02)
Kuomba idhini ya vipimo zaidi ni papo hapo mkuu, siyo dai la mwisho wa mwezi. Daktari akitaka kipimo cha wingi wa virusi anaomba idhini kwanza na ugonjwa anauandika. Ila kwa mwajiri kufika siku hiyo hiyo, kweli ni ngumu. Siifuti lakini.

#24 Wa Kiambu (Jumatatu, 12:36)
Salaam kutoka huku kwa majirani. Hata sisi tumepitia. Mwaka 2015 rais wetu Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia ilikuwa eti huduma ziwafikie. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema agizo hilo linavunja haki ya faragha. Na hapo hata sheria ya data hatukuwa nayo, ilikuja 2019. Waliegemea katiba.

Mimi naona shida si paswedi. Shida ni kwamba kila mkubwa akitaka orodha anapewa orodha. Mfumo ukiwa na majina yote mahali pamoja, kuna siku mtu atabonyeza "chapisha".

#25 Msomi Njaa (Jumatatu, 13:10)
Mnatia watu hofu bila sababu. Takwimu zinazokwenda juu hazina majina. Ripoti ya mwezi ya kituo inaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ikiwa hesabu tupu: wanawake wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi. Ukiondoa jina hakuna anayekujua.

#26 Kibarua Mkongwe (Jumatatu, 13:44)
@Msomi Njaa hesabu tupu sawa. Lakini taarifa za mtu mmoja mmoja zilizofutwa jina tu, hapana. Marekani kule Massachusetts miaka ya 1990 walitoa rekodi za hospitali za watumishi wa serikali, majina wamefuta, gavana William Weld akasema faragha imelindwa. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, akanunua orodha ya wapiga kura wa mji anakoishi gavana, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akalipata faili la gavana mwenyewe. Baadaye akakokotoa kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kuwatambulisha mmoja mmoja asilimia 87 ya Wamarekani.

Sasa wewe ingiza "mwanamke, miaka 34, kijiji fulani, kajifungua mapacha watatu". Hata orodha ya wapiga kura huihitaji, muulize muuza dagaa.

#27 Msomi Njaa (Jumatatu, 13:50)
Nimeelewa. Nilimaanisha hesabu tupu.

#28 Nesi Mstaafu (Jumatatu, 16:20)
Naona hakuna aliyegusa magrupu ya WhatsApp. Nitayagusa mimi, na nitayatetea kabla ya kuyasema.

Usiku, saa tisa, uko kituo cha afya, mama ametoka damu nyingi, daktari bingwa yuko mkoani. Unapiga picha ya karatasi ya vipimo, unatuma, dakika mbili anakuelekeza. Nimeona watu wamepona hivyo. Ukipiga marufuku, mgonjwa anakufa na siri yake. Sisi tulijiwekea utaratibu: funika jina kwa kidole gumba unapopiga picha, andika namba ya kitanda tu.

Lakini picha inabaki kwenye simu. Simu anachezea mjukuu. Mume anaomba simu apige. Na kwenye grupu lenye watu 60, wawili walishahamia kazi nyingine hakuna aliyewatoa. Mimi mwenyewe nimestaafu na nimo bado, jana wamenitumia picha ya mguu wa mtu wenye kidonda nikiwa kwenye kipaimara.

#29 Dirisha la Dawa (Jumatatu, 16:31)
Mama umenichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Jitoe basi!

#30 Nesi Mstaafu (Jumatatu, 16:34)
Nikijitoa nitajuaje nani kafiwa?

#31 Mmatumbi Uholanzi (Jumatatu, 19:08)
Huku Uholanzi hospitali ya Haga mjini The Hague ilipigwa faini euro 460,000 mwaka 2019 baada ya wadukuzi kuingia kwenye faili la mtu maarufu wa televisheni. Wazungu nao wanavuja.

#32 Msambaa Halisi (Jumatatu, 19:25)
@Mmatumbi Uholanzi siyo wadukuzi mkuu, uko huko huko na huna habari. Walikuwa wafanyakazi wa hospitali yenyewe, 85, walichungulia faili lake bila kazi yoyote ya kumtibu. Udaku tu. Na faini mahakama iliishusha baadaye mpaka 350,000.

#33 Mmatumbi Uholanzi (Jumatatu, 19:30)
Naam, nimekosea, asante. Ila ona jambo moja: waliweza kuhesabu 85. Kwa sababu kila mtu ana kadi yake na jina lake. Hospitali ya Binti wa Ziwa ingehesabu mmoja.

#34 FundiSeva (Jumatatu, 19:41)
Hapo umepiga penyewe. Mapokezi, mmoja, wa kike na wa kiume, wa zamu zote.

#35 Chai Rangi (Jumatatu, 20:02)
Dada, swali la kichokozi. Wewe mwenyewe hukumwambia mtu YEYOTE?

#36 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 20:47)
Nilimtumia rafiki yangu mmoja ujumbe wa sauti nikiwa ufukweni. Mmoja tu. Nilikuwa nalia. Ameapa kwa mama yake hajasema.

#37 Pwaguzi (Jumatatu, 20:48)
UZI UFUNGWE.

#38 Mchuuzi 88 (Jumatatu, 20:50)
Kurasa mbili tunamsaka mdukuzi wa kimataifa kumbe sauti ya dakika nne!

#39 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 20:52)
Dakika moja na sekunde arobaini. Na rafiki yangu hamjui wifi, hawajawahi kuonana. Msinicheke.

#40 Dirisha la Dawa (Jumatatu, 21:05)
Mwacheni. Mtu akipewa habari ya namna hiyo lazima amwambie mtu, asipomwambia ataanguka njiani. Yeye kumwambia rafiki ni hiari yake, ni mwili wake. Mtu wa mapokezi kumwambia wifi hakuwa na hiari hiyo. Hayo mambo mawili msiyaweke kapu moja.

#41 Kibarua Mkongwe (Jumatatu, 21:22)
Sahihi. Na rafiki anaweza kusikiliza ujumbe kwa sauti kubwa kwenye daladala, nalo ni la kuhesabu, haliifuti akaunti ya pamoja. Sikilizeni, tuna njia nne mpaka sasa na hakuna iliyokufa.

#42 Mtu wa Laini (Jumatatu, 22:15)
Ya tano. Nauza laini na kusajili, msinidharau.

Hospitali nyingi sasa zinatuma ujumbe mfupi kukumbusha kliniki. Ujumbe unakwenda kwenye namba iliyo kwenye faili. Dada, siku hiyo wewe ulipata ujumbe wowote kutoka hospitali?

#43 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 22:24)
Sikupata.

#44 Mtu wa Laini (Jumatatu, 22:26)
Faili lilifunguliwa lini na nani aliandika namba?

#45 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 22:40)
Ngoja. Faili ni la 2022, nilipata ajali ya bodaboda, mchumba ndiye alinipeleka nikiwa sijitambui. Safari hii mapokezi waliniuliza "namba ni ile ile?" nikasema ndiyo. Sikuangalia ni ipi.

#46 Mtu wa Laini (Jumatatu, 22:41)
Mimi nimemaliza.

#47 Wa Kiambu (Jumatatu, 22:58)
Hii sasa ndiyo tamu. Kwa hivyo ujumbe ulimwendea mchumba?

#48 Binti wa Ziwa (Jumatatu, 23:10)
Mchumba anasema hakupata kitu. Ila laini aliyokuwa nayo 2022 hanayo tena, alibadilisha alipohamia mtandao mwingine. Nitamuuliza ilikwenda wapi. Nitaandika na barua ya Wakili. Asanteni wote, nalala.

#49 Msomi Njaa (Jumanne, 08:12)
Wakati tunasubiri, nani anajua kama naweza kuomba hospitali ifute taarifa zangu zote? Nina sababu zangu.

#50 Wakili wa Mtaani (Jumanne, 08:30)
@Msomi Njaa zilizokosewa unaweza kuomba zirekebishwe. Kufuta rekodi yote ya matibabu ni habari nyingine, kesho ukizidiwa daktari atajuaje una mzio wa dawa gani? Sababu zako nenda nazo kwa wakili mwenye ofisi.

#51 Binti wa Ziwa (Jumatano ya wiki iliyofuata, 18:03)
Nimerudi wakuu. Samahani kwa kimya.

Barua niliipeleka, wakaipokea na mhuri. Baada ya siku sita nikaitwa ofisi ya kumbukumbu. Kaka wa pale mstaarabu, akafungua mfumo, akaniandikia kwenye kikaratasi kwa mkono wake. Siku ile ukurasa wangu wa maabara ulifunguliwa mara tatu: akaunti ya maabara, akaunti ya daktari, na akaunti "mapokezi". Mapokezi imefungua "saa 10:47". Nikamuuliza mapokezi ni nani, akasema "ni dawati".

Saa kumi na dakika 47 mimi nilikuwa ufukweni! Nani alikuwa anasoma ini langu?

#52 FundiSeva (Jumatano, 18:19)
Karibu tena. Simama hapo hapo. Hiyo 10:47 aliisoma kwenye skrini?

#53 Binti wa Ziwa (Jumatano, 18:21)
Ndiyo, akanakili.

#54 FundiSeva (Jumatano, 18:35)
Basi siyo saa kumi jioni. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili. 10:47 ya skrini ni saa nne na dakika 47 asubuhi. Ulikuwa umetoka kutolewa damu robo saa tu, majibu hayajatoka. Aliyefungua alikuta ukurasa mtupu, labda alikuwa anathibitisha malipo.

#55 Msambaa Halisi (Jumatano, 18:52)
FundiSeva, seva nyingi zinaweka kumbukumbu kwa saa ya Greenwich usipozirekebisha. Sisi tuko saa tatu mbele. 10:47 ya seva inakuwa 13:47 yetu, yaani saa saba na dakika 47 mchana. Majibu yapo, daktari kashaongea naye, dada yuko bado korido anamalizia. Hapo ndipo mtu wa mapokezi alipochungulia.

#56 Kibarua Mkongwe (Jumatano, 19:04)
Na kama yule kaka wa kumbukumbu ni mtu wa saa za Kiswahili, akaona 16:47 akaigeuza kichwani ndipo akaandika 10:47? Mimi kazini kwetu hilo limeshaleta ugomvi wa posho. Inakuwa saa kumi jioni kweli, zamu imebadilika, watu wengine kabisa.

#57 Chai Rangi (Jumatano, 19:06)
Kwa hiyo saa moja, tafsiri tatu, zamu mbili, akaunti moja.

#58 Wakili wa Mtaani (Jumatano, 19:20)
Dada, rudi uombe nakala iliyochapishwa, siyo mwandiko. Ikionyesha na saa za daktari, linganisha: yeye ulikaa naye saa saba na robo. Akaunti yake ikisomeka 10:15, Msambaa kashinda. Ikisomeka 13:15, seva iko sawa, na bado utauliza mwandiko wa kaka ulitoka wapi.

#59 FundiSeva (Jumatano, 19:24)
Wakili kumbe una akili za kompyuta.

#60 Mtu wa Laini (Jumatano, 19:37)
Mmenisahau. Laini ya 2022 iko wapi?

#61 Binti wa Ziwa (Jumatano, 19:55)
Nilikuwa nakuja huko. Hospitali wanasema siku ile ujumbe haukutumwa kwa mtu yeyote, kifurushi chao kilikuwa kimeisha, wamelipia Alhamisi. Laini yenyewe mchumba alimpa mama yake, iko kwenye kiswaswadu chake. Mama mkwe hasomi vizuri, ujumbe ukiingia anampa mtu amsomee.

#62 Mtu wa Laini (Jumatano, 19:56)
Anayemsomea ni nani?

#63 Binti wa Ziwa (Jumatano, 19:58)
Wifi.

#64 Pwaguzi (Jumatano, 19:59)
Mihogo imefika.

#65 Nesi Mstaafu (Jumatano, 20:26)
Mwanangu, umebadilisha namba kwenye faili?

#66 Binti wa Ziwa (Jumatano, 20:31)
Nimebadilisha leo leo. Dada wa mapokezi akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, benchi zima linasikia.